Upepo Moto kwa Tata Polycarpe

Mama Joyeuse alikuja kwangu Jumatatu moja, mwisho wa mwezi wa tisa. Mimi, mama Bilkisi, ni fundi wa baridi. Natengeneza friji, majokofu ya wauza samaki, na viyoyozi, ambavyo hapa Kolwezi tunaviita klima. Kibanda changu kiko Dilala, na wateja wengi wakiingia huanza na bei. Yeye alianza na swali ambalo sijawahi kuulizwa tangu nishike kazi hii: kati ya klima zote nilizonazo, ni ipi inayotoa joto kali zaidi upande wa nje.

Nilidhani amekosea maneno. Nikamweleza kwamba watu huuliza ipi inaleta baridi zaidi ndani. Akasema hilo nalo atalitaka, lakini kwanza nimjibu alichouliza.

Nikamvutia kiti. Akakaa, akanieleza habari yake bila kulia na bila haraka.

Mume wake, Symphorien, alikuwa na basi la viti thelathini, lililokwenda Likasi kupitia Fungurume na kurudi. Alikufa mwezi wa pili, kwa ugonjwa wa ini. Siku ya nane baada ya mazishi, kaka yake mkubwa, Polycarpe, alifika na wanaume wanne, akamwambia Joyeuse atoke katika nyumba pamoja na binti yake. Ilikuwa nyumba ya matofali, moja ya zile za zamani za kampuni ya mgodi, ambayo Symphorien aliinunua kwa mzee mstaafu. Polycarpe alichukua funguo, hati za nyumba, friji, hata mapazia. Joyeuse alipouliza aende wapi, akamwonyesha barabara. Falonne, msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa akioga wakati ule. Walimgongea mlango, wakampa dakika moja ya kuvaa, akatoka mbele ya wanaume wale povu likiwa bado kwenye nywele.

Mengine yote Joyeuse aliyataja mara moja. Hili la povu alilirudia, kwa maneno yale yale.

Kitu kimoja Polycarpe hakukichukua: basi. Gia zake zilikuwa zimekufa, nalo lilikuwa limelala gereji miezi mingi, majani yakiota kwenye magurudumu. "Ile chuma akamate tu," alisema mbele ya jamaa. Basi Joyeuse akaikamata. Kwa miezi sita alifanya biashara ya maharage na mafuta ya mawese, akilala na binti yake kwenye chumba cha rafiki. Kisha akamwita Nkongolo, mchomeleaji, akang'oa viti, akaweka vitanda viwili, meza, jiko la gesi na sinki dogo. Na ile parseli tupu, kiwanja kilichozungushiwa mpaka, iliyopakana na nyumba ya Symphorien, ambayo mwenye mali anaishi Lubumbashi, akaikodi kwa miaka mitatu. Basi lilivutwa na lori siku ya Jumamosi saa sita mchana, avenyu nzima ikiangalia, likasimamishwa mita moja na nusu kutoka dirisha la chumba kikubwa cha kulala. Polycarpe alikuwa analala humo, kwenye kitanda cha marehemu mdogo wake.

"Sasa nataka klima," Joyeuse akaniambia. "Mi nilale kwenye baridi, na yeye apate kile kinabakia."

Ningeweza kukataa. Ninasema hivi ili mtu asidhani nilidanganywa. Lakini baba yangu alipofariki Kasongo, baba wakubwa na baba wadogo walikuja kuhesabu mali yetu kabla hatujamaliza kupika chakula cha hitima, na mama yangu alitoka na sufuria mbili. Hakulipiza kisasi kwa mtu yeyote. Tulisifiwa sana kwa uvumilivu wake, na tulilala njaa. Nikachukua kipimajoto na futi, nikapanda naye taksi-moto, pikipiki ya abiria.

Saa nane mchana, ndani ya basi lile, kipimajoto kilisoma arobaini na tatu. Mwezi wa kumi ulikuwa unakaribia, na hapa kwetu huo ndio mwezi wa kuungua kabla ya mvua. Basi ni bati kila upande na vioo kila upande. Nilimweleza Joyeuse kwamba klima yoyote atakayoiweka humo itashindwa kama hatutafunika kwanza. Tuweke sponji ngumu kwenye paa na kuta, juu yake mbao nyembamba, na nusu ya vioo vizibwe kabisa. Akakubali. Aliniomba tu tusizibe vioo vya upande wa nyumba ya Polycarpe, kwa sababu alitaka kuona. Nikamwambia upande huo ndio unaopata jua la jioni. Akafikiri, akabakiza kimoja.

Kisha tukaja kwenye kuchagua.

Nilimweleza wazi kuhusu aina tatu. Ya kwanza ni ile ya dirishani, sanduku moja tu: rahisi kupata, lakini hutikisa ukuta, na ukuta wa basi ungelia kama debe. Ya pili ni ya juu ya paa, ile ambayo madereva wa malori ya madini huiweka ili walale kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa siku tatu nne. Ni ndogo, bapa, haina kelele, inatumia betri za volti ishirini na nne kama za basi lenyewe, na ukiongeza paneli za jua haijali umeme ukikatika. Ya tatu ni ya vipande viwili: kipande cha ndani kinachopuliza baridi, na sanduku la nje lenye feni, vikiunganishwa na mabomba ya shaba. Hiyo inataka umeme wa nyumba au jenereta.

Mimi nilikuwa na uhakika. Kwa basi la ukubwa ule, wakiishi watu wawili, ya paa ndiyo sahihi, na nilimwambia hivyo.

"Ile ya juu inatupa joto wapi?" akauliza.

"Juu. Mbinguni."

"Mbingu haikunikosea kitu, mama Bilkisi. Nipe ile mutu anaweza kuigeuza uso."

Nikamwambia kama ni hivyo achukue ya vipande viwili iliyo ndogo kabisa, inatosha. Lakini kibandani kwangu kulikuwa na moja ya zamani, kubwa kuliko hiyo, niliyoitoa kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Sanduku lake la nje lilikuwa zito kama mtu mzima na feni yake ilinguruma. Aliiona siku ile ya kwanza na hakuisahau. Nilimwonya kwamba klima kubwa katika chumba kidogo ni kosa: inaleta baridi kwa haraka, inazima, inawaka tena, inazima, na haipati muda wa kukausha hewa. Wakati wa jua hutaona ubaya wake. Mvua ikija, kila kitu ndani kitakuwa na unyevu. Akasema mvua ikija tutaongea habari za mvua.

Niliifunga Alhamisi, nikaiunganisha na jenereta aliyoinunua. Nilitengeneza kiti cha chuma kando ya basi, nikaliweka sanduku juu yake, uso kwenye dirisha la Polycarpe. Joyeuse alisimama nyuma yangu akinielekeza kwa mkono, kidogo kushoto, kidogo tena, kama mtu anayetundika picha ya arusi ukutani. Nilipoiwasha, pazia la Polycarpe, lile ambalo Joyeuse alilishona mwenyewe, likasukumwa ndani ya chumba na upepo wa moto.

Joyeuse aliingia ndani ya basi, akaketi chini ya baridi, akavua kile kitambaa cheusi cha msiba. Alikuwa bado anakivaa, ingawa muda wake ulikwisha zamani.

Polycarpe alivumilia siku nne. Siku ya tano aliniona nikija kusafisha vichujio, maana vumbi la mtaa wao wa Mashamba huziba klima yoyote ndani ya wiki moja, akanifuata hadi kwenye mlango wa basi. Ni mwanaume mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Mtu asiyemjua angemwazima chochote.

"Fundi, weye njo uliweka hii kintu hapa?"

Nikasema ndiyo, ni mimi niliyeiweka.

"Inapika chumba yangu."

Joyeuse alitoka, akasimama kwenye ngazi ya basi, hivyo akawa juu yake. "Tata Polycarpe, mi niko kwangu," akasema, akimwita baba kwa lugha ya heshima. "Kama chumba inakuchoma, barabara iko pale."

Polycarpe aligeuka, akaenda zake. Kesho yake alikuja na mkuu wa mtaa. Mkuu alipima kwa hatua zake, akaona sanduku liko ndani ya mpaka wa Joyeuse, akasema hajui sheria inayokataza mtu kupata baridi. Kabla hajaondoka aliniuliza klima ndogo ya ofisi inapatikanaje.

Sitaficha kwamba tulicheka. Kila nilipopita Joyeuse alinihadithia mapya. Polycarpe alikuwa amepangisha vyumba viwili kwa mafundi wa mashine wa mgodini, wanaofanya kazi ya usiku na kulala mchana. Mchana ndio wakati jenereta na feni vilikuwa kwenye kilele. Mmoja aliondoka baada ya wiki mbili, wa pili akamfuata. Polycarpe akapigilia mbao kwenye dirisha. Chumba kikawa tanuru. Akahamia sebuleni. Joyeuse alijua kila hatua, kwa sababu alikuwa anakaa kwenye kile kioo kimoja na bakuli la maharage ya kuchambua, anaangalia. Biashara yake ilianza kulegea. Falonne alianza kukaa shuleni mpaka jioni, na siku moja aliniambia taratibu, mama yake akiwa nje, kwamba kwenye basi hakuna mazungumzo mengine.

Mvua zilifika katikati ya mwezi wa kumi na moja, na yale niliyoyasema yakatokea. Magodoro yakawa na maji chini. Ukungu mweusi ukapanda kwenye mbao nyuma ya kitanda cha Falonne, naye akaanza kukohoa. Nilimwambia Joyeuse klima ile ibadilishwe, au angalau izimwe wakati wa mvua. Akasema atahamisha kitanda. Nikakasirika, nikamkumbusha ni mapafu ya nani tunayoyazungumzia. Akanijibu kwamba yeye ndiye mama.

Wiki ile ile nikagundua jambo jingine. Nilikuwa juu ya ngazi, nikikaza bomba la shaba, nikasikia mtu anakohoa nyuma ya zile mbao za dirisha. Hakuwa Polycarpe. Kilikuwa kikohozi cha mtu mzee. Nilimuuliza Joyeuse, naye akaniambia, bila kuinua macho kwenye maharage yake, kwamba ni mama mkwe wake, Mama Monga. Polycarpe alikuwa amemtoa kwenye chumba cha nyuma ili akipangishe, akamlaza huko.

"Na unajua?" nikasema.

"Najua. Siku ile walitufukuza alikuwa kwenye kiti, anaangalia. Hakusema hata neno."

Nilishuka, nikakusanya vyombo vyangu, nikaenda nyumbani. Nilikaa siku tisa bila kupita kwake.

Siku ya kumi Falonne alikuja kuniita, akasema bibi amehamia. Sikuelewa. Nilipofika niliona watu wamesimama kwenye avenyu kama wanaotazama ajali. Mama Monga, mwanamke wa miaka themanini karibu, alikuwa ametoka kwenye geti la mwanawe saa tano asubuhi, na mfuko mmoja wa plastiki na godoro la sponji aliloliburuta mwenyewe kwenye matope. Alipita mbele ya majirani wote, akaingia kwenye parseli ya Joyeuse, akagonga bati la basi.

Joyeuse alinisimulia yale waliyosemezana. Mzee alisema kule ndani anaungua, na si kwa joto peke yake. Alisema siku ile aliona mtoto anatoka na povu kwenye nywele, akanyamaza kwa sababu alikuwa anakula kwa mkono wa Polycarpe, na tangu siku hiyo chakula hakimpiti vizuri. Kisha akafungua kitenge chake, kwenye tumbo, akatoa bahasha ya kaki. Ndani zilikuwemo hati za nyumba, zenye jina la Symphorien.

Watu wa avenyu walimsifu Joyeuse kwa kumpokea. Mimi niliona uso wake. Alimpokea jinsi mtu anavyopokea silaha aliyoletewa mlangoni. Kwetu, mama akihama nyumba ya mwanawe wa kwanza na kwenda kulala kwa mjane wa mwanawe mdogo, tena ndani ya basi, hakuna kikao kinachoweza kuifuta aibu hiyo. Joyeuse alimwekea kiti nje, upande wa barabara, mahali ambapo kila mpita njia angemwona.

Lakini mzee alikohoa, na mjukuu alikohoa, na sasa walikuwa watatu ndani ya lile bati lenye unyevu. Jioni ile Joyeuse aliniomba niondoe klima. Hakusema nilikuwa sahihi. Aliniuliza ya paa itachukua siku ngapi. Nilipata moja kwa dereva aliyeuza lori lake, nikaifunga na betri mbili na paneli tatu, na ndani ya wiki moja mbao zilikauka, Falonne akalala bila kukohoa. Basi likawa na ubaridi wa kadiri na ukimya. Polycarpe aliona sanduku la nje linashushwa, akadhani yamekwisha. Alituma mtu kuja kusalimu.

Hayakuwa yamekwisha. Joyeuse alikuwa amekwenda mahakamani na bahasha.

Kesi haikuwa ndefu kama watu walivyotabiri, maana Mama Monga alikwenda mwenyewe kusema aliyoyaona. Mwezi wa tatu uamuzi ukatoka: nyumba ni ya mjane na mtoto, Polycarpe atoke ndani ya siku thelathini. Jumapili iliyofuata jamaa walikusanyika mbele ya basi. Mimi niliitwa kama shahidi wa upande wa Joyeuse. Polycarpe alikaa pembeni, viatu vyake vimepigwa rangi, mikono kwenye magoti. Biashara yake ya kununua na kuuza saruji ilikuwa imeanguka. Watu hawakupenda tena kumkopesha mtu aliyekimbiwa na mama yake. Hakuomba kitu. Aliyeomba ni mzee.

"Joyeuse, mutoto yangu, umeshinda," Mama Monga akasema. "Mwachie tu ile chumba ya nyuma. Hana kwenye ataenda."

Joyeuse alikuwa amesimama. Alimtazama Polycarpe, si mzee.

"Mutoto yangu alipewa dakika moja, mama. Yeye nimemupa mwezi muzima. Nimekwisha kumushinda kwa wema."

Mjomba mmoja alianza kusema habari za damu na ukoo, akaona uso wa Joyeuse, akaishia katikati. Nilitaka kusema neno pia. Nilimkumbuka mama yangu na sufuria zake mbili, nikanyamaza.

Polycarpe aliondoka siku ya ishirini na nane. Joyeuse alitaka iwe mchana, na akapata: lori lilikuja saa sita. Aliweka kiti getini, akakaa, akahesabu kila kilichopita. Friji ilikuwa yake, ikarudi. Kitanda, kikarudi. Mapazia, aliyashika, akayanusa, akawaambia wabebaji wayachukue, hayataki tena. Polycarpe alipanda mbele kando ya dereva. Alikuwa anakwenda Tenke, kwa binamu mwenye duka karibu na reli.

Wakati lori linawashwa, Mama Monga alitoka kwenye basi na ule mfuko wake wa plastiki.

Joyeuse alisimama. Alimuuliza anakwenda wapi, akamwambia chumba chake ndani ya nyumba kimekwisha kupakwa rangi, kile cha mbele chenye dirisha kubwa.

"Nilikuja kwako sababu haki ilikuwa kwako," mzee akasema. "Sasa unayo yote. Yule njo hana kitu, na njo mimi nilimuzaa."

Falonne alimshika bibi yake mkono, akamsindikiza mpaka kwenye lori, akamsaidia kupanda. Polycarpe alisogea kumpa nafasi. Lori likaingia barabarani, likapotea nyuma ya pikipiki na vumbi la malori mengine.

Niliingia na Joyeuse ndani ya nyumba. Vyumba vilikuwa vitupu, sauti zetu zinarudi. Katika chumba kikubwa, kuta upande wa dirisha zilikuwa na rangi iliyobambuka kwa joto, vipande vipande, mpaka kwenye plasta. Alipitisha kiganja chake hapo, mara moja, mara ya pili. Nilimuuliza kama ameridhika.

"Sana," akasema. "Na usinitafutie huzuni, mama Bilkisi. Ningefanya tena kesho."

Nikamwamini. Falonne alikuwa amebaki nje, getini, anaangalia upande lilikopita lori. Mama yake alimwita aje achague chumba. Alimwita tena. Msichana akasema anakuja, na hakutoka pale.